Shangazi, nimelipwa madarasa ya yoga badala ya hela, na naogopa kuingia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu hapa Mabatini, Mwanza. Nina miaka 43 na watoto watatu. Jambo ninalokuandikia nikimwambia mtu wa karibu atanicheka, na hata mimi nikilifikiria najicheka, lakini linaninyima raha.

Juzijuzi alikuja dada mmoja na mkeka wa mpira, ule wa mazoezi, ameuviringisha. Akataka nimshonee mifuko ya kitenge ya kubebea mikeka kama ule: mirefu, zipu ubavuni, mkanda wa begani. Nikashona mmoja wa mfano, akaupenda, akaagiza 12. Tukapatana Sh 10,000 kila mmoja, kitenge changu. Siku ya kuchukua mzigo akasema mambo hayajakaa sawa. Akanipa Sh 60,000, na nusu iliyobaki akaniomba niichukue kwa madarasa. Kumbe ni mwalimu wa yoga, ana ukumbi upande wa Capri Point, darasa moja Sh 10,000. Akaniambia, "Njoo Jumamosi saa tatu, ni darasa la wanaoanza. Nimeona unavyoinuka hapo kitini."

Nikakubali. Hapo hapo nikaanza kujuta.

Ni kweli mgongo unanisumbua, huu mwaka wa pili sasa. Msimu wa sare za shule nakaa mashineni tangu saa mbili asubuhi, na ikifika saa tisa kiuno kinakata hasa. Nikitaka kusimama nashika meza kwanza, natulia, ndipo nanyooka. Nilienda hospitali, wakanipiga picha, wakasema mifupa haina tatizo, ni misuli, nifanye mazoezi nipungue na uzito. Presha wakasema imepanda kidogo, nirudi kupima. Sikurudi.

Basi Jumamosi nikaaga nyumbani kwamba naenda sokoni. Nikashuka mjini, nikachukua bodaboda hadi pale. Mlango ni wa kioo. Ndani nikaona watu kama kumi, mabinti wembamba wenye taiti, Wazungu wawili watatu, na mzee mmoja wa Kihindi amekaa chini amekunja miguu, mgongo umenyooka wima. Mimi nina kilo 89 na nilikuwa nimevaa dera. Nikatoa simu, nikajifanya naongea, nikageuka. Nikapitia Mwaloni Kirumba kununua dagaa ili nisirudi mikono mitupu.

Shangazi, sababu ni nyingi. Siwezi hata kugusa magoti vizuri, sembuse vidole vya miguu. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya pili, na mama mmoja kanisani aliposikia neno yoga akasema hiyo ni ibada ya Kihindu, ukiifanya unafungulia roho nyingine mlango. Baba watoto naye nilimgusia kwa mbali, akauliza, "Utakuwa unajikunja mbele ya wanaume?" Tena akasema nikitaka mazoezi nikamsaidie mama yake shambani Magu, huko ndiko nilikokulia nikipalilia pamba na sikuwahi kuumwa mgongo.

Je, nimwambie yule dada anirudishie hela yangu? Au niende? Na nikienda, naanzaje?

Fundi wa Mabatini

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara. Mifuko 12 kwa Sh 10,000 ni Sh 120,000. Umepokea Sh 60,000. Unadai madarasa sita. Hayo madarasa hukupewa kwa huruma. Umeyalipia kwa kitenge chako, uzi wako na mgongo wako huo huo. Naliweka mbele kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mahali unajiandika kama mtu aliyekaribishwa kwa kuonewa imani, anayetakiwa ajikunyate asiwaharibie wenyewe. Aliyelipa hajikunyati. Aliyelipa anauliza maswali, anachagua pa kukaa, anasema "hili siliwezi, nipe jingine", na akichoka analala kwenye mkeka wake bila kumwomba mtu radhi. Ukiingia na kichwa hicho, nusu ya hofu yako itabaki nje.

(Na pembeni kidogo: mwambie huyo dada aandike kwenye karatasi kwamba una madarasa sita, na kwamba hayaishi muda mwezi ukiisha. Oda itakayofuata, fedha taslimu.)

Sasa mwili. Ulichokiona kwenye kioo ni watu ambao tayari wamezoea kuja, na macho yako yakamchagua aliyenyooka kuliko wote. Huyo mzee huenda amekaa chini hivyo tangu utotoni. Kunyumbulika si kiingilio cha yoga. Mwalimu aliyejulikana sana duniani karne iliyopita, B.K.S. Iyengar wa India, aliyezaliwa 1918 na kufariki 2014, alianza akiwa kijana dhaifu ambaye utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Ndiye aliyeeneza matumizi ya mikanda, vipande vya mbao, mablanketi na viti, ili mtu ambaye mkono haufiki chini apate kitu cha kuushikizia juu kidogo. Kwa hiyo ukimwona mwalimu anakuletea tofali la sponji uweke mkono hapo, usijione umefeli. Ndivyo kazi inavyofanywa.

Na wewe una kitu ambacho wengi wa hao mabinti hawana. Umekulia Magu ukipalilia pamba. Kumbuka mama zetu wanavyoinama shambani: hawapindi mgongo, wanavunjia kwenye nyonga, makalio yanarudi nyuma, mgongo unabaki umenyooka, magoti yamelegea kidogo. Mwalimu wa yoga atatumia mwezi mzima kuwafundisha watu wa ofisini kuinama hivyo hivyo. Mwili wako ulishawahi kulijua hilo. Cherehani imekusahaulisha, maana pale unapinda kuanzia mbavuni, shingo mbele, mguu mmoja kwenye pedali, saa saba mfululizo. Baba watoto ana ukweli wake aliposema shambani hukuumwa. Alichokosea ni dawa. Kumpeleka Magu na jembe mtu ambaye kiuno kimekaza miaka miwili ni kumtafutia kitanda cha hospitali.

Nikueleze saa hiyo moja itakavyokwenda, maana kinachotisha ni kutokujua. Fika robo saa mapema, umwone mwalimu kabla wengine hawajajaa. Mwambie mambo matatu: mgongo wa chini, presha, na kwamba hujawahi. Mwambie pia kama hutaki kushikwa. Walimu wengi wana desturi ya kumsogeza mtu kwa mikono, kumbonyeza mgongo ashuke zaidi, na kwa mgongo kama wako sitaki mtu yeyote aubonyeze, awe na cheti cha wapi. "Nielekeze kwa mdomo, usinisukume." Atakayekasirika kwa hilo si mwalimu wa kumfuata.

Viatu vinabaki mlangoni, ni miguu mitupu. Halafu pa kukaa. Kila mgeni hukimbilia mstari wa nyuma, na hilo ni kosa, kwa sababu katikati ya darasa mtaambiwa mgeuke, na ghafla wewe wa nyuma ndiye wa mbele, huna wa kumwangalizia. Kaa katikati, upande wa ukutani. Popote mtakapogeukia utakuwa na mtu mbele yako, na ukuta utakufaa mtakapoambiwa msimame kwa mguu mmoja.

Mtaanza kwa kukaa na kupumua. Kama kukaa chini kunakuvuta kiuno, kalia blanketi lililokunjwa mara tatu. Nyonga zikiwa juu ya magoti mgongo unanyooka wenyewe. Kisha mtapiga magoti na viganja chini, mgongo mnaupandisha na kuushusha taratibu pamoja na pumzi. Huo mwendo wa paka na ng'ombe, kama wanavyouita, ndio utakaoupenda kuliko yote, nakuhakikishia. Baadaye litakuja pozi la mtoto: unakalia visigino, unalaza kifua mbele. Hapo watu wenye tumbo huteseka kimya kwa sababu hakuna aliyewaambia watanue magoti. Tanua magoti, tumbo lipate nafasi yake katikati, paji la uso liweke juu ya ngumi zako kama chini ni mbali. Hilo ndilo pozi lako la kupumzikia, unaweza kulirudia wakati wowote, hata wenzako wakiwa wamesimama.

Ule mkao wa mbwa, viganja na miguu chini, makalio juu, uuruke kwanza. Kwa kilo 89 na viganja vinavyoshika mkasi kutwa, vifundo vya mikono vitalia, na kichwa kuwa chini ya moyo si jambo la kukimbilia wakati presha yako haijulikani imekaaje. Badala yake simama ukiangalia ukuta au kiti, weka viganja hapo, rudi nyuma hatua mbili, inama kwenye nyonga. Faida ya mgongo unaipata, kichwa kinabaki sawa na mabega.

Mwishoni mnalala chali, macho mmefumba, dakika kadhaa hakuna kufanya chochote. Weka mto au blanketi lililoviringishwa chini ya magoti, kiuno kitalegea. Kuna atakayekoroma. Huwa yupo.

Mavazi nayo ni swali la kumuuliza fundi, siyo la fundi kumuuliza Shangazi! Dera halifai, ukiinama linakufunika uso. Lakini hakuna sheria ya taiti. Jishonee suruali ya kitambaa cha pamba kinachovutika, mpira mpana kiunoni usiokata tumbo, miguuni ibane kwenye kifundo ili ukiinua mguu isiteremke hadi pajani. Juu vaa tisheti ndefu, uichomekee. Sidiria iwe ya kushika kweli. Ukitaka kitambaa kichwani, kifunge nyuma bila fundo kubwa, maana utalalia hilo fundo. Nahisi wateja utawapata humo humo ukumbini, kwa sababu wanawake wa umbo letu hawapati suruali ya mazoezi inayowakaa.

Mkeka usinunue bado, uliza kama ukumbi una wa kuazima. Ila ukifanya nyumbani, usitumie mkeka wa ukindu juu ya sakafu ya vigae. Utateleza nao. Sakafu ya saruji iliyokwaruza, miguu mitupu, inatosha kwa mikao ya kusimama, na kwa ya kulala tandika blanketi. Mkanda wa kuvutia mguu unao: kanga. Lala chali, pitisha kanga chini ya wayo, inua mguu, vuta polepole huku goti limelegea. Chakula, acha kula kizito kwa saa mbili au tatu kabla. Darasa la saa tatu asubuhi, chai na ndizi saa moja inatosha. Kiporo cha wali na sato kisubiri.

Tuje kwenye kanisa, ambapo sitaki nikupe jibu jepesi. Yoga imetoka India, na historia yake imefungamana na dini za huko: Uhindu, na pia Ubudha na Ujaini. Atakayekuambia haina uhusiano wowote na dini anakuficha, na mama wa kwaya hakubuni kutoka hewani. Lakini kinachofundishwa kumbi nyingi leo, mikao na pumzi kwa ajili ya afya, kwa sehemu kubwa kimekuzwa karne ya 20 na walimu kama Krishnamacharya wa Mysore, huko huko India, ambaye ndiye aliyemfundisha huyo Iyengar. Umoja wa Mataifa uliitengea siku, tarehe 21 Juni, kwa azimio la Desemba 2014, ndiyo maana kila Juni unaona picha za watu wamejipanga viwanjani. Ndani ya jambo hilo moja kuna madarasa ya mazoezi matupu, na kuna madarasa yenye kuimba maneno ya sala za Kihindu na sanamu mbele. Hayo mawili usiyachanganye.

Viongozi wa dini wenyewe wametofautiana kwa njia inayofundisha. Vatikani mwaka 1989 ilitoa barua kwa maaskofu kuhusu njia za kutafakari zinazotoka mashariki, yoga ikiwemo. Haikuzikataa moja kwa moja kwa kuwa si za Kikristo, ila iliwaonya waumini wasichukue raha ya mwili iliyotulia wakadhani ndiyo Roho Mtakatifu. Indonesia, moja ya nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani, baraza la maulamaa mwaka 2009 lilikataza yoga yenye ibada na maneno ya Kihindu, likaacha ile ya mazoezi ya mwili tu. Saudi Arabia kuanzia 2017 imeitambua kama shughuli ya michezo. Na wapo wachungaji, hapa kwetu na kwingine, wanaoikataa yote bila kubakiza.

Kwa hiyo muulize mwalimu wako wazi: kuna kuimba? Kuna maneno tunayotamka? Kuna picha au sanamu? Akisema yapo, mwambie hutashiriki, na uangalie anavyopokea. Kama kuna mfululizo wa mikao wanaouita salamu kwa jua na jina lake linakukwaza, omba ufanye mikao mingine ya kusimama. Mwili wako hautapungukiwa. Katika ule utulivu wa mwisho hakuna anayekuchagulia la kuwaza, na zaburi unazozijua kwa moyo hazina pa kuzuiwa. Halafu mwendee mchungaji wako mwenyewe, kabla habari hazijamfikia zimetiwa chumvi. Mweleze unachofanya na kwa nini, pamoja na maneno ya hospitali. Akikukataza na wewe ni mtu wa kulitii kanisa lako, basi litii bila kinyongo; yapo mazoezi mengine ya kunyoosha mgongo ambayo hayana jina la kubishaniwa, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukufundisha. Jambo nisilokushauri ni kwenda kwa kujificha. Dhamiri inayokuuma haitakuacha upumue, na kupumua ndiyo kazi yenyewe pale.

Presha. Hapa nakukaripia kidogo. Uliambiwa urudi kupima ukaona yameisha. Kapime wiki hii, kabla ya darasa la kwanza. Kituo cha afya kilicho karibu kinatosha. Kama iko juu sana, anza na daktari, yoga itasubiri. Kama imepanda kidogo, nenda, lakini epuka mikao ya kichwa chini miguu juu, usibane pumzi, na ile mipumuo ya haraka haraka ya kupiga tumbo iache kabisa. Ukisikia kizunguzungu, piga magoti, kaa, mwambie mwalimu. Usiinuke kwa pupa ukitoka kulala. Geuka ubavu kwanza, tulia, kisha jisukume kwa mkono. Wasomaji wengine wenye ujauzito au presha ya macho, nanyi msiingie bila kuongea na mhudumu wa afya.

Na mgongo wenyewe: daktari wako hakukudanganya. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani kiitwacho American College of Physicians kilitoa mwongozo kwamba maumivu ya mgongo wa chini yaliyozidi wiki 12 yaanze kutibiwa bila vidonge, na yoga ikatajwa kati ya njia hizo pamoja na mazoezi mengine. Nafuu inayotarajiwa ni ya kiasi, usitegemee muujiza. Lakini zipo dalili ambazo ukiziona hutakiwi kukanyaga ukumbini, unakwenda hospitali: mguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri na mapajani ndani, kushindwa kuzuia haja, homa, kukonda bila sababu, au maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umelala tuli. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na huko kwetu si ugonjwa wa kuusikia redioni tu.

Kutofautisha maumivu nako kunahitaji kujifunza. Kuvutika kwenye nyama ya paja au ubavu, unapumua nako, kunapungua ukiachia: hilo endelea nalo. Kuchoma kama umeme kushuka mguuni, au kitu chenye ncha ndani ya goti au kwenye kiuno: toka kwenye mkao huo mara moja, hata kama mwalimu anasema bado pumzi tatu.

Baba watoto nimemwacha kwa makusudi, kwa sababu swali lake nimeliona ni la mtu aliyegusiwa jambo kwa mbali akabaki kulijaza mwenyewe. Ulimwambia unaenda sokoni. Ukikutwa Capri Point na suruali ya mazoezi, utamtetea nani? Mkalishe jioni akiwa ameshakula, umwambie lote: mifuko, deni, maneno ya daktari, siku, saa, na kwamba wanaume wamo. Mwambie anaweza kukusindikiza Jumamosi ya kwanza aone kwa macho yake. Darasa la wanaoanza lina mambo ya kuchosha kutazama, hatakaa dakika ishirini atatoka kwenda kupunga upepo wa ziwa. Usiombe ruhusa kama mtoto, na usitangaze vita. Unampa taarifa mwenzako kuhusu mwili unaolisha nyumba pamoja na wake. Kama wanaume ndio kikwazo kikubwa kwake, muulize mwalimu kama ana saa ya wanawake peke yao, au kama mkipatikana wanne watano anaweza kuifungua. Mafundi wenzako wa Mabatini wenye migongo kama yako ni wangapi?

La mwisho ni kiti chako, kwa kuwa saa moja kwa wiki haiwezi kushindana na saa hamsini za kukaa vibaya. Pandisha kiti mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, hata kwa kuweka mto mgumu. Sogeza kiti karibu na mashine ili kitambaa kikufuate wewe, siyo wewe ukifuate kitambaa. Taa iwe juu ya sindano. Mafundi wengi wanapinda shingo kwa sababu hawaoni. Na pasi iweke mbali na mashine, kwenye meza ndefu ya kusimama. Kila nguo ikitoka, inuka ukaipige pasi hapo hapo badala ya kulimbikiza za kutwa nzima. Ukiwa umesimama pale, weka mikono kwenye meza, rudisha makalio nyuma, nyoosha mgongo kwa pumzi tano kama ule mkao wa ukutani, halafu rudi kwenye kazi.

Hela usiidai. Nenda yale madarasa sita yote, hata likikuboa la pili, maana la kwanza na la pili mtu anahangaika tu kujua kulia na kushoto. Kisha jipime kwa kitu kimoja: saa tisa alasiri, siku ya kazi nyingi, ukiinuka kitini bado unashika meza? Ukiona unaanza kuisahau meza, endelea, na bei ya la saba mpatane kama wafanyabiashara. Ukiona hali ni ile ile, achana nayo, chukua barua ya rufaa uende kitengo cha fiziotherapia Bugando, na usisahau kubeba ile picha ya mifupa waliyokupiga.

Shangazi